IRM ya ubongo: nguvu ya mashine si kila kitu

Mashine ya IRM hufuata mwendo wa maji ndani ya ubongo kwa mapigo ya sumaku yanayoitwa gradienti. Huko Boston, Marekani, iliwekwa moja yenye militesla 300 kwa mita. Nyingi za hospitali zina 40 hadi 80. Lakini mapigo yakibadilika kwa kasi mno, neva za mgonjwa husisimka na misuli huruka. Watafiti wa Lund, Uswidi, walichagua kubadili umbo la mapigo, yale mawili yaliyozoeleka tangu 1965, wakatofautisha uvimbe wenye seli ndefu na wenye seli za duara. Hiyo ni kazi ya programu, bila kununua sumaku mpya. Ila ufunguo wa programu, kwa kawaida, wanaushika watengenezaji wa mashine.