Mkulima wa Mbozi Akishindana na Hazina

Tunduma, mkoani Songwe, haina uhaba wa pesa. Malori hupanga foleni kuingia Nakonde, upande wa Zambia, shilingi na kwacha hubadilishwa mchana kutwa, na tangu kituo cha huduma za pamoja mpakani kizinduliwe mwaka 2019, mizigo ya kwenda Zambia na Kongo imezidi kuupa mji huu uhai. Benki kubwa zina matawi hapo. Hata hivyo, anayetaka mtaji wa kununua mahindi, au wa kuhudumia mibuni huko Mbozi, bado huambiwa alete dhamana kwanza.

Wengi humlaumu meneja wa tawi. Wangeanza na hesabu za makao makuu.

Benki Kuu inataka jumla ya mtaji wa benki isipungue asilimia 12 ya mali zake, baada ya kila mali kupimwa kwa hatari iliyonayo. Mkopo wa shilingi milioni 100 usio na dhamana inayokubalika huhesabiwa wote, hivyo hufunga milioni 12 za mtaji. Milioni 100 hizohizo zikinunua hatifungani za serikali, uzito wake ni sifuri. Na hatifungani zinalipa: ile ya miaka 25 ilitoa asilimia 15.95 hadi mwaka 2022, riba iliposhushwa hadi 12.56. Nani atapanda bodaboda kumfuata mdaiwa kijijini Kamsamba wakati Hazina inalipa yenyewe?

Wapo wanaotaka sharti la mtaji lilegezwe. Wawaulize watu wa Njombe. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji, Benki ya Wananchi Njombe ikiwamo. Ile ya Mbinga ilikuwa imetangulia mwaka 2017. Bima ya amana wakati huo iliishia shilingi 1,500,000 kwa mteja. Aliyeweka zaidi alibaki kusubiri mali za benki ziuzwe. Mtaji ndio unaobeba hasara kabla haijafika kwenye akiba ya mama lishe.

Kwa hiyo sharti libaki. Kinachopaswa kubadilika ni dhamana anayokwenda nayo mkopaji.

Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza kupunguza uzito wa hatari kwa baadhi ya mikopo, na kuzipa nafuu ya amana ya lazima wanayoiweka kwake benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Ni hatua nzuri, lakini haimsaidii mkulima ambaye karatasi yake benki haiiamini. Mbozi ilikuwa wilaya ya majaribio ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na wakulima wake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata hati za kumiliki ardhi kimila. Benki zinazisitia kwa sababu shamba la kijijini ni gumu kumuuzia mtu wa nje.

Stakabadhi ya ghala, yaani hati ya mazao yaliyohifadhiwa ghalani, haina kikwazo hicho. Ufuta au kahawa iliyopimwa na kuhifadhiwa huuzika ndani ya siku chache, popote mnunuzi alipo. Mkoa wa Songwe ungeanzia hapo: maghala yenye leseni karibu na mashamba, mizani inayoaminika, na makubaliano na benki kwamba stakabadhi itapokelewa kama dhamana ya mkopo msimu huohuo, kabla mkulima hajalazimika kuuza kwa bei ya mavuno ili alipe ada ya shule.