Gari la Kiganjani na Gari la Njiani



Kila inapokaribia sikukuu ya Idi, wazazi wengi huenda Kariakoo kuwatafutia watoto nguo, na mara nyingi mtoto hakubali kurudi nyumbani pasipo kigari cha chuma mkononi. Katika vigari hivyo pikapu hupendwa mno, wala si ajabu. Ndilo gari ambalo mtoto wa Tandika au wa Tandale hulikuta mlangoni kila siku, likileta saruji, ndizi, au vyombo vya bibi harusi. Mwezi huu twataka kusema kidogo juu ya vigari hivi na juu ya magari yenyewe, kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu, huku Temeke, siku chache baada ya Idi.

Kwanza tuitazame asili yake. Mwaka 1947, Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu ingawa majina yao yalifanana, waliunda kampuni ya Lesney mjini London. Mwenzao, Jack Odell, alikuwa na binti aliyesoma katika shule ambayo haikumruhusu mtoto kuchukua kitu cha kuchezea kisichoingia katika kisanduku cha kiberiti. Baba akamfanyia mwanawe kigari kidogo cha kushindilia barabara, kikaingia barabara kisandukuni. Kutokana na hicho vikazaliwa, mwaka 1953, vigari vya Matchbox, jina ambalo maana yake ni hicho hicho kisanduku cha kiberiti. Wafaransa wakaja na Majorette, Wamarekani na Hot Wheels mwaka 1968, na Wajapani na Tomica mwaka 1970. Mwaka ule ule wa 1968 ndipo Toyota ilipoanza kuuza pikapu ya Hilux, ambayo leo haina mtaa isioujua.

Vigari hivi havichongwi wala havifuliwi. Zinki iliyochanganywa na aluminiamu, magnesi na shaba kidogo huyeyushwa kwa moto wa kadiri ya digrii 400, kisha husukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu ya chuma cha pua. Muda mfupi tu kalibu hufunguliwa, na bodi ya gari hutoka kamili, milango na taa zake zikionekana. Watoto wetu wa zamani walikuwa na njia nyingine: kopo la maziwa, waya, na magurudumu ya malapa yaliyochakaa. Gari lile halikufanana sana na la njiani, lakini aliyelitengeneza alijua vema kwa nini gurudumu linazunguka.

Sasa tuje kwenye hesabu, nayo yafaa baba aifanye pamoja na mwanawe. Vingi katika vigari hivi hufanywa kwa kipimo cha karibu 1 kwa 64. Hilux yenye urefu wa meta 5 na kitu huwa sentimeta 8 tu. Ile Suzuki Carry ndogo tuiitayo kirikuu, yenye meta 3.4, huwa sentimeta 5 na kidogo, yaani karibu urefu wa kisanduku cha kiberiti. Lakini uzito haufuati njia hiyo. Kitu kikipunguzwa mara 64 kwa urefu, hupunguzwa vivyo hivyo kwa upana na kwa kimo, na hesabu yake yote ni mara 262,144. Basi tani 1 ambayo Hilux hubeba, ikipunguzwa hivyo, haifiki gramu 4, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai cha sukari! Mtoto hukijaza kigari chake kokoto na mchanga mara nyingi zaidi ya hapo, nacho hakilalamiki, kwa kuwa chuma chake ni kinene kupita kipimo chake.

Gari la kweli halina subira hiyo. Kirikuu lilitengenezwa Japani libebe kilo 350, nazo ni mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Nani katika sisi hajaliona limepakiwa maradufu, springi zimelala, na dereva akiomba breki zimtii?

Siku tuliyoitaja, kirikuu lilisimama uchochoroni likiwa na magodoro yaliyopita kimo cha kibanda cha dereva, hata kioo cha nyuma hakikuona kitu. Mtoto wa miaka 5 alichuchumaa nyuma ya gurudumu, akikiendesha kigari chake cha Idi mchangani. Dereva akawasha gari, akaanza kurudi nyuma. Jirani aliyekuwa akianua nguo alipiga yowe na kuligonga gari ubavuni kwa kiganja. Likasimama. Mtoto alikwisha vutwa na bibi yake. Kigari kilibaki chini ya tairi, kimepasuka vipande viwili.

Kijana yule akashuka akitetemeka. "Nisamehe, Bibi, sikumwona."

"Najua hukumwona, mwanangu," bibi akajibu. "Lakini hukushuka kutazama."

Nasi hatuna neno la kuongeza juu ya hilo, ila kuligawa sawasawa. Dereva na azunguke gari lake kabla ya kuliondoa, wala asipakie hata akajiziba macho. Mzazi naye amwoneshe mtoto, kwa kigari hicho hicho, mahali asipoonekana: amweke mwanasesere nyuma yake, kisha amwulize, "Dereva aliyekaa mbele amwona?" Na aliye chini ya miaka 3 asipewe kigari chenye gurudumu liwezalo kung'oka, maana litaishia kooni.

Kijana yule angali akipita uchochoroni petu. Siku hizi, kabla hajawasha gari, hulizunguka na kuita, "Watoto!" Nao humjibu kutoka barazani, mmoja mmoja, naye huwahesabu.