Udongo Wetu na Saruji Yetu

Boko ni jirani wa kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha kwanza cha saruji katika nchi yetu kilianza kazi mwaka 1966. Hata hivyo ujirani huo haumpunguzii mfanyakazi mzigo. Huko Boko, kama huko Mbagala, wako wenzetu ambao misingi ya nyumba zao imeota majani kwa kungojea mifuko ya saruji. Yatupasa basi kuuliza: je, hapana njia ya kupata saruji njema kwa gharama ndogo zaidi?

Njia iko, nayo imo ardhini mwetu. Kilicho ghali katika saruji ni klinka, yaani mawe ya chokaa yaliyochomwa pamoja na udongo kwa joto la kadiri ya digrii 1,450. Kazi hiyo hula kuni za viwandani, yaani makaa na gesi, kwa wingi sana. Tena kila tani ya klinka hutoa kadiri ya tani 0.8 ya hewa ya ukaa, na sehemu iliyo kubwa hutoka katika jiwe lenyewe, wala si katika moto.

Wataalamu wa Uswisi, Kuba na India wameonyesha ya kwamba udongo wenye kaolini, ukichomwa kwa digrii 700 hadi 850 tu, waweza kushika mahali pa sehemu kubwa ya klinka. Saruji ikutanapo na maji hutoa chokaa. Udongo uliochomwa huikamata chokaa hiyo, na viwili hivyo hushikana vikawa kitu kigumu. Katika mchanganyiko wao mashuhuri klinka ni nusu tu. Udongo ni asilimia 30, unga wa mawe ya chokaa 15, na jasi 5.

Kaolini ya Pugu, wilayani Kisarawe, yajulikana tangu zamani. Mawe ya chokaa yako Wazo. Wenzetu wa Ghana wamekwisha jenga huko Tema kiwanda kikubwa cha kuchoma udongo kwa ajili ya saruji. Sisi twangoja nini?

Lakini twaonya. Udongo huo si ule wa shimoni nyuma ya nyumba, wala si kazi ya koleo la fundi. Udongo mbichi ukitiwa katika zege huidhoofisha, na udongo uliochomwa pasipo kipimo haufai. Novemba 2024 ghorofa iliporomoka Kariakoo ikaua watu wengi. Hakuna akiba ya fedha iwezayo kulipa roho ya mtu. Tena saruji ya namna hii hukawia kidogo kupata nguvu siku za kwanza. Basi matofali yamwagiliwe maji, na mbao za zege zisiondolewe kwa haraka.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Watafiti wa nyumba na ujenzi wapime udongo wetu na kuwaeleza wananchi matokeo kwa Kiswahili. Shirika la Viwango lilinde ubora wa kila mfuko. Na wenye viwanda, watakapopunguza gharama zao, wampunguzie mnunuzi bei. Maana faida ikibaki kiwandani peke yake, mfanyakazi wa Boko atakuwa ametoa udongo wake bure, na msingi wake utazidi kuota majani.