Msamaha ni wa Nani?

Tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Umoja wa Mataifa walipoondoka shule ya ETO Kicukiro, Watutsi waliokuwa wamekimbilia humo walizuiwa hapa Sonatubes, wakapelekwa Nyanza kuuawa. Wako Wakristo wenzangu wasemao, "Sameheni, yaishe." Kwa sheria ya Kiislamu, warithi wa aliyeuawa ndio wachaguao: kisasi, dia, au msamaha, mwingine hawezi kusamehe kwa niaba yao. Mimi naona hapo Waislamu wamesema kweli. Hata Zakayo wetu aliahidi kulipa mara nne. Rwanda ilifuta hukumu ya kifo mwaka 2007. Gacaca, zilizofungwa 2012, zilimpunguzia adhabu aliyekiri. Vema. Lakini tusimhimize mjane kusamehe kabla hajaonyeshwa alipozikwa mumewe.