Somo la Frekansi Lianze kwa Baiskeli na Likembe

Na Amisi Ramazani

Mwalimu anaandika ubaoni: frekansi ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na kipimo chake ni hezi. Wanafunzi wananakili. Siku ya Exetat, mtihani wa taifa, fomula wataikumbuka, lakini wengi watakuwa hawajawahi kusikia kwa masikio yao frekansi ikipanda na sauti ikawa nyembamba. Ndivyo somo hili linavyofundishwa mara nyingi Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, na sababu inayotolewa ni kwamba maabara hakuna. Safu hii haikubali sababu hiyo.

Ichukuliwe baiskeli moja kati ya zile zinazosukumwa na mizigo kila siku katika barabara zetu. Ipinduliwe, isimame kwa tandiko na usukani, kisha kipande cha katoni kigusishwe spoki za gurudumu la nyuma. Likizunguka polepole, sikio linasikia pigo moja moja. Pedali ikikazwa, mapigo yanaungana na kuwa sauti moja. Gurudumu lenye spoki 36 likizunguka mara 3 kwa sekunde, katoni hupigwa mara 108. Likizunguka mara 6, hupigwa mara 216, na sauti inapanda oktava moja kamili. Mfaransa Félix Savart alifanya jambo hilihili katika miaka ya 1830 kwa gurudumu la meno, akichunguza mipaka ya usikivu wa binadamu. Kasongo haihitaji kuagiza gurudumu hilo Paris.

Likembe, ala yenye ndimi za chuma, linafundisha zaidi. Ndimi zake mara nyingi hufuliwa kutoka kwenye spoki hizohizo au vyuma vya mwavuli, na mpigaji huzipatanisha kwa kuzisogeza: ulimi ukirudishwa ndani unakuwa mfupi, sauti inakuwa nyembamba. Hapa kuna fizikia ambayo vitabu vingi vya shule huiruka. Uzi wa gitaa ukifupishwa nusu, frekansi huongezeka mara 2. Ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja ukifupishwa nusu, huongezeka karibu mara 4, yaani oktava mbili. Kwa hiyo ulimi wa sentimita 6 hauhitaji kufika sentimita 3 ili upande oktava moja; sentimita 4 na kidogo zinatosha. Mpiga likembe anaijua tofauti hiyo kwa vidole. Mwanafunzi akipewa rula, ataipata kwa hesabu.

Chupa nayo inashangaza. Ikipulizwa mdomoni, kila maji yanapoongezwa sauti hupanda, kwa sababu hewa inayotetema imepungua. Chupa hiyohiyo ikigongwa kwa kijiko, maji yakiongezwa sauti hushuka, kwa sababu kioo kinabeba uzito zaidi. Darasa litabishana, na mabishano hayo yana faida kuliko ukurasa mzima wa kunakili.

Watoto wa Kabambare, zaidi ya hayo, hawaanzi mikono mitupu. Kibangubangu, lugha ya huko, ni lugha ya toni: anayekizungumza hutofautisha sauti ya juu na ya chini tangu utotoni. Msingi huo ndio unaobeba ngoma ya gogo, yenye midomo miwili inayotoa sauti mbili, ambayo Mwingereza John Carrington aliichunguza Yakusu, karibu na Kisangani, na kuiandikia kitabu mwaka 1949. Ujumbe ulisafiri kilomita nyingi kwa sauti mbili tu. Kumwambia mtoto wa urithi huo kwamba frekansi ni jambo la kigeni ni kumdhulumu.

Kupima nako kunawezekana. Chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, kilitoa mwaka 2016 programu ya simu iitwayo phyphox. Ni ya bure, na ikishawekwa hupima frekansi bila intaneti. Simu moja ya mwalimu, iliyochajiwa kwa jua, inatosha darasa zima kuona namba ikipanda kila ulimi wa likembe unaposogezwa.

Kinachobaki ni uamuzi. Maprefe wa shule wamwalike mpiga likembe darasani na wamlipe kama mtu aliyekuja kufundisha, maana amekuja kufundisha. Wakaguzi nao, wakiingia darasani, waache kuhesabu kurasa za daftari tu. Waulize wanafunzi wamesikia nini na wamepima nini. Wazazi wenye baiskeli, waazimeni walimu kwa saa moja.