Milingoti Katika Picha

Wako wasomi wasemao ya kwamba picha za kale za majumba ya Unguja ni shahidi asiye na upande. Kamera, wasema, haina kabila wala chama. Huonyesha kilichopo, basi. Rai hii imezoeleka mno hata haiulizwi.

Na zitazamwe picha za mji zilizopigwa kutoka baharini baada ya 1896. Mbele ya majumba meupe yaonekana milingoti imesimama majini pasipo meli. Maelezo yaandikwayo chini ya picha hizo aghalabu husifu majumba na kuyanyamazia maji. Milingoti ile ni ya Glasgow, meli ya Sultani, iliyozamishwa na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, walipoukataa utawala wa Khalid bin Barghash na kuyapiga mizinga majumba alimojifungia. Vita havikutimia saa moja. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili aliumia baharia mmoja. Mabaki ya meli yalikaa pale hadi 1912. Muda wote huo aliyeipiga picha bandari aliipiga na alama ya kushindwa, apende asipende, nayo ikauzwa kwa wasafiri kuwa mandhari ya kupendeza.

Beit al-Ajaib lina habari nzito zaidi. Sayyid Barghash alipolijenga mwaka 1883 halikuwa na mnara usoni pake. Mnara wa saa, uliokuwa pia taa ya kuongozea vyombo, ulisimama peke yake mbele ya jumba, na mizinga ikauharibu. Katika matengenezo ya 1897 mnara mpya uliunganishwa na jumba lenyewe. Beit al-Hukm, jirani yake, halikusimamishwa tena. Mahali pake pakaachwa bustani. Baada ya 1911 Beit al-Ajaib likawa ofisi za serikali ya Waingereza. Hivyo umri wa picha hujulikana kwa kuutazama mnara tu, jambo jepesi ambalo wauzaji wa picha hizo wangeweza kujifunza kwa dakika moja.

Ubishi huu si wa maktabani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba iliporomoka, wakafa watu wawili. Asemaye sasa kwamba lirudishwe kama lilivyo katika picha za zamani hana budi kuulizwa: picha ipi? Ile ya Barghash, au ile iliyofuata mizinga? Huenda akautaka mnara, na ana haki, kwani vizazi vya Waunguja vimekua vikiutazama. Lakini na akiri kwamba amechagua, asijifiche nyuma ya kamera. Kisha aeleze kwa nini Beit al-Hukm, ambalo picha za kabla ya 1896 zalionyesha wazi, halina anayelidai.