Tahajia ya Kijerumani na Utafutaji wa Mababu

Majalada mengi ya iliyokuwa Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani, yaliyohifadhiwa Berlin, sasa yanasomeka katika intaneti, na mjukuu wa askari au mpagazi aweza kuyapekua akiwa Iringa. Wanaodhani kwamba kazi imekwisha wanakosea. Makarani wa Kijerumani waliandika majina ya wenyeji kwa kanuni za lugha yao: Moshi ikawa Moschi, Kilimanjaro ikawa Kilimandscharo, naye Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, huonekana kama Quawa. Amtafutaye babu yake Juma kwa herufi za leo huambiwa kuwa hayupo, ilhali huenda Dschuma yumo. Tena hati nyingi ni picha za maandishi ya mkono. Maandishi hayo si rahisi kwa kompyuta kuyasoma.

Jedwali la kulinganisha tahajia hizo ni kazi ya wanafonolojia wa Kiswahili, wala haifai kuachiwa wahifadhi wa Berlin peke yao. Hata hivyo, Dschuma akipatikana, bado wazee wa ukoo hawana budi kuulizwa. Akina Juma ni wengi, kwani jina lenyewe ni la siku.